Deraya, pusha na dakika mbili za nguvu

Katika hadithi nyingi za mashujaa, pambano kati ya mvaa deraya na muuza dawa za nguvu huenda hivi: shujaa anavunja mlango, pusha anabugia kidonge, misuli inapasua shati, wanatwangana kurasa sita, ukuta unaporomoka, kisha pusha anazimia. Kwa nini amezimia ukurasa wa sita na si wa tatu? Hakuna ajuaye, labda mchoraji aliishiwa karatasi.

Jibu lipo, nalo ni joto. Deraya yenye mota inazalisha joto, na mwili uliotiwa nguvu za kupita kiasi unazalisha joto zaidi tena hauna pa kulipeleka. Ukipiga hesabu ya joto kwa pande zote mbili, pambano linajipanga lenyewe: nani avute muda, nani aharakishe, pusha asimame wapi, na nani atakufa asipowahiwa. Nawaandikia wanaotunga au kuchora visa vya namna hii. Hesabu zenyewe ni za kugawanya na kuzidisha tu.

Mwili uliotiwa dawa

Msuli wa binadamu hugeuza takriban robo ya nishati unayoiunguza kuwa kazi. Robo tatu hutoka kama joto. Mwendesha baiskeli wa mashindano hutoa wati 300 hadi 400 kwa saa nzima, na huyo tunamwita hodari. Sasa tuseme dawa yako inampa mtumiaji kilowati 3 za kazi, karibu mara nane au kumi ya mwanamichezo huyo. Ili azipate, mwili wake lazima uunguze kilowati 12, na kilowati 9 zibaki ndani kama joto.

Mwili wa kilo 70 huhitaji kilojuli 245 hivi ili upande nyuzi moja ya Selsiasi. Gawanya 245 kwa 9: nyuzi moja kila sekunde 27. Kutoka 37 hadi 42, ambako ubongo na ini tayari viko hatarini, ni sekunde 136. Dakika mbili na ushee, basi.

Jasho je? Lita moja ya jasho ikikauka yote hubeba kilojuli 2,400 hivi, na hata mtu anayetoka jasho kuliko wote hazidi sana lita tatu kwa saa. Hiyo ni sawa na kuondoa kilowati 2 kati ya 9, tena hewa ikiwa kavu na ngozi ikiwa wazi. Na usimmalize kwa njaa, kwa sababu njaa inachelewa: akiba ya wanga kwenye misuli na ini, gramu 500 hivi, inamtosha dakika kumi na mbili kwa kasi hiyo. Joto litamwangusha mapema zaidi.

Kwa hiyo ukitaka pambano la dakika ishirini, una njia chache za halali. Punguza dawa mpaka kilowati 1 ya kazi: joto linakuwa kilowati 3, jasho likiondoa 2 anabaki na 1, na zile nyuzi tano zinachukua dakika ishirini. Au mpe nguvu kwa milipuko ya sekunde kumi kumi, katikati ajifiche na kuhema. Au hamishia pambano mtoni, kwenye mvua ya baridi, kwenye chumba cha kugandishia samaki. Hii ya tatu ndiyo niipendayo, maana inamwonyesha pusha mwenye akili: amemweka kwenye baridi makusudi yule mteja anayemtumia kama mlinzi.

Kuna mifano ya kweli ya kuegemea. Dinitrofenoli iliuzwa Marekani miaka ya 1930 kama dawa ya kupunguza unene. Inaifanya seli iunguze chakula na kutoa joto bila kazi yoyote, na waliozidisha walikufa kwa joto la mwili wao wenyewe. Kufikia 1938 ilikwishatangazwa kuwa haifai kuliwa na binadamu. Pervitin, vidonge vya methamfetamini vilivyotengenezwa na kampuni ya Temmler ya Ujerumani, viligawiwa jeshini kwa mamilioni mwaka 1940. Havikumwongezea askari nguvu hata kidogo. Viliondoa uchovu, yaani viliondoa kengele inayomwambia mtu asimame. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Finland, Aimo Koivunen, alimeza fungu la doria nzima, akateleza kwa ski mamia ya kilomita kwenye theluji. Alipopatikana moyo ulikuwa ukipiga karibu mara 200 kwa dakika na uzito wake ulikuwa kilo 43. Theluji ile huenda ndiyo iliyomponya. Dawa hiyo hiyo kwenye chumba kisicho na hewa ingekuwa habari nyingine.

Kosa la kwanza la kiufundi kwenye visa hivi ni kidonge kinachofanya kazi papo hapo. Kitu kilichomezwa huchukua nusu saa hadi saa nzima, na tumbo likiwa na chakula huchelewa zaidi. Kilichovutwa kama moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hivi, kilichodungwa kwenye mshipa ndani ya nusu dakika. Ukitaka mtu avimbe mbele ya shujaa, mpe bomba la kuvuta au sindano. Ukishikilia kidonge, basi alikimeza kabla, maana yake alijua shujaa anakuja, na lazima utueleze nani alimtonya.

Kosa la pili ni mifupa. Dawa inayoongeza msuli peke yake haiimarishi kano wala mfupa. Wanaotunisha misuli kwa homoni hukatika kano kwa sababu hiyo hiyo: msuli unakua upesi, kano inabaki nyuma. Mtu wa kilowati 3 akipiga bamba la chuma kwa ngumi, kinachovunjika ni mfupa ulio nyuma ya kidole cha mwisho. Hatasikia maumivu kama dawa ina kitu cha kuua maumivu, na kwa kawaida utataka iwe nacho, la sivyo pambano litaishia ngumi ya kwanza. Mchoraji achore mkono ukivimba na kupinda huku mwenyewe akiendelea kuutumia. Kichoro hicho kimoja kinaogofya kuliko ukuta ulioporomoka.

Deraya yenyewe

Ngozi ya mtu mzima ina eneo la mita mraba 1.8 hivi. Ukiifunika yote kwa chuma kigumu cha milimita 6, ambacho huzuia risasi nyingi za bunduki, unapata kilo 85 za bamba tupu. Kauri ya boroni kabaidi ni nyepesi mara tatu. Kwa milimita 8 ni kilo 36, ila hupasuka ikigongwa na inahitaji kitambaa kigumu nyuma yake. Deraya za vita za Ulaya ya zama za kati zilikuwa kati ya kilo 15 na 50, bamba likiwa na milimita moja hadi tatu, na hata hizo vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba mvaaji hutumia karibu mara mbili ya nishati akitembea.

Ongeza fremu, mota na betri, na kilo 200 ni makadirio ya kiungwana. Pamoja na mvaaji wa kilo 75 tuna kilo 275. Pakiti nzuri ya betri za lithiamu hubeba wati-saa 200 kwa kilo, kwa hiyo kilo 10 ni wati-saa 2,000: saa moja ya mwendo wa wastani wa kilowati 2, au robo saa ya kupigana kwa kilowati 8. Wanaotaka deraya iruke wamtazame Mwingereza Richard Browning, ambaye mwaka 2019 alifikisha kilomita 136 kwa saa kwa suti yake ya injini ndogo za jeti. Suti ile inaunguza mafuta, haina bamba lolote, na mafuta yake huisha ndani ya dakika chache. Kuruka na kuzuia risasi kwa wakati mmoja ni biashara mbili zinazogombania kilo zile zile.

Historia haiwapendelei wanaodhani hili ni jepesi. Kampuni ya Marekani ya General Electric walijenga Hardiman, fremu ya mota ya kuvaliwa, kuanzia 1965: kilo 680, na ilipowashwa yote kwa pamoja ilitikisika kwa fujo kiasi kwamba haikuwahi kuwashwa ikiwa na mtu ndani. Mkono mmoja tu ndio uliofanya kazi ipasavyo. Jeshi la Marekani lilitangaza mradi wa suti ya kivita uitwao TALOS mwaka 2013, na ukafungwa 2019 bila suti kamili. Kilichokwamisha tangu mwanzo hadi leo ni nishati na udhibiti wa viungo. Bamba lilipatikana zamani.

Ndani ya deraya mvaaji anayefanya kazi nzito hutoa wati 500 za joto, na kwa kuwa hewa haizunguki jasho lake halikauki. Bila kupoozwa anapanda nyuzi moja kila dakika tisa. Wana-anga huvaa nguo ya ndani yenye mirija ya maji ya karibu mita 90. Kwa shujaa wa mjini, mirija kama hiyo pamoja na kilo 2 za barafu inatosha: kila kilo ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334, kwa hiyo ana dakika 22. Zikumbuke hizo kilo mbili, nitazirudia.

Neno juu ya kuanguka, kwa kuwa halikosi. Mtu akidondoka mita 5 anatua kwa mita 10 kwa sekunde. Deraya ngumu ikisimama ndani ya sentimita 5, mwili uliomo unapata mara 100 ya uzito wake, na ubongo haujui kama nje kuna chuma. Magoti ya deraya yakikunjika nusu mita wakati wa kutua, inashuka hadi mara 10. Kwa hiyo kule kutua kwa kishujaa kwa goti moja chini na ngumi sakafuni kuna maana, mradi goti likunjwe taratibu, si kugota.

Msuguano, kuta na sakafu

Hapa ndipo pambano linapopendeza. Mtu mwenye kilowati 3 bado ana kilo 70. Nguvu ya kusukuma haitoki kwenye msuli peke yake, inatoka kwenye mguu unaokamata chini. Kwa viatu vya mpira kwenye sakafu kavu, kilo 70 zinampa kama nyutoni 550 kabla hajaanza kuteleza. Deraya ya kilo 275, hata yenye soli mbovu, inahitaji zaidi ya nyutoni 1,500 isogee. Akiisukuma katikati ya chumba, atakayerudi nyuma ni yeye mwenyewe.

Mtumiaji mzoefu analijua hilo, kwa hiyo anautafuta ukuta. Akiweka mgongo kwenye nguzo na miguu kwenye kifua cha deraya, kikomo cha msuguano kinaondoka na msuli wote unafanya kazi. Shujaa mzoefu naye kazi yake ya kwanza ni kumweka katikati ya chumba, palipo na mafuta au maji sakafuni ikiwezekana. Mkiuandika huu mvutano wa nani anafika ukutani, mtapata kurasa mbili nzuri bila ngumi hata moja.

Njia nyingine ya mtumiaji ni viungo. Habomoi bamba, anashika kifundo cha mkono na kiwiko na kukipinda kinyume. Mkono ni wenzo mrefu, na gia za kwenye kiwiko zikizidiwa meno yake huruka, tak-tak-tak, kisha huharibika kabisa. Deraya isiyo na vizuizi vya chuma mwishoni mwa kila mwendo itavunja mkono uliomo ndani yake. Kwapa, kinena, nyuma ya goti na shingo hubaki laini kwa lazima, la sivyo mtu hainami. Mafundi wa zamani walipaziba kwa nyavu za pete za chuma, na sijaona suluhisho bora zaidi ya lile.

Sakafu isisahauliwe. Sakafu za nyumba za kuishi husanifiwa kwa uzito wa kilo 150 hadi 200 kwa mita mraba. Kilo 275 juu ya mguu mmoja kwenye mbao, tena kwa kuruka, zinaweza kupita hadi chini. Pusha aliyehamia ghorofa ya juu ya jengo la mbao amejenga mtego bila kununua risasi.

Pusha hapigani

Jumlisha: mtumiaji ana dakika mbili, deraya ina robo saa. Shujaa akishika tu vizuri na kungoja, anashinda. Ndiyo maana pusha hatumii mali yake. Anayeitumia ni teja, na pusha amesimama pembeni na saa mkononi.

Pusha wa kweli hubeba kete chache. Mzigo uko nyumba nyingine, pesa ziko kwa mtu wa tatu, na anayekabidhi si anayepokea malipo. Ukimkunguta utapata simu na funguo. Silaha yake ni mambo mawili: wateja walio kwenye arosto, ambao watafanya lolote, na kile anachokijua juu ya dawa. Hicho cha pili ndicho shujaa anachokihitaji, kwa sababu teja anaungua pale pale mbele yao. Kukabiliana kwenyewe basi ni maswali ya haraka: amepewa nini, kiasi gani, saa ngapi, kwa njia gani, na imechakachuliwa kwa kitu gani? Ni maswali yale yale ambayo daktari wa sumu angeuliza, na pusha anauza kila jibu kwa bei ya hatua moja kuelekea mlangoni.

Kuchakachua kunastahili aya yake. Tuseme gramu moja ya dawa kali inachanganywa na kilo moja ya unga wa kawaida, kete ni miligramu 100. Zinatoka kete 10,000, kila moja ikiwa na dawa ya miligramu 0.1. Kwa macho huwezi kujua kama imechanganyika sawasawa, na kwa kijiko kwenye beseni haichanganyiki sawasawa. Kete moja haina kitu, inayofuata ina mara tatu. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: anayepata kipimo cha kilowati 1 ana dakika ishirini, anayepata mara tatu yake ana mbili au tatu, na wote wamelipa bei moja. Pusha anaposema "mimi simjui aliyekufa", inawezekana kabisa anasema kweli, na hapo ndipo anapotisha.

Mtoe kwenye mahubiri pia. Kanuni za udhibiti wa vitabu vya katuni vya Marekani za 1954 zilichukuliwa kuwa zinazuia kabisa dawa za kulevya. Zilipolegezwa 1971 ziliruhusu somo hilo kwa sharti lionyeshwe kama tabia mbaya. Nadhani ndiyo maana mapusha wengi wa katuni bado wanacheka kwa sauti na kujitangaza waovu. Anayeuza kila siku hazungumzi hivyo. Anazungumza kama mwenye duka aliyechelewa kufunga.

Kama mzungumzo unafanyika stoo inakopikwa, kuna hatari ambayo watunzi huisahau: mvuke. Etha, kimiminika cha kuyeyushia kemikali, hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 45 chini ya sifuri, mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara mbili na nusu, unatambaa sakafuni, na asilimia 1.9 tu hewani inatosha kulipuka. Deraya yenye mota za brashi inatoa cheche kila ikigeuka, na soli ya chuma kwenye saruji vivyo hivyo. Shujaa anayejua kazi anasimama nje, anafungua milango ya chini ipitishe hewa, anangoja kipima-gesi kishuke, ndipo aingie, akiwa na soli za mpira unaopitisha umeme tuli kwenda ardhini. Pusha anayejua kazi atamwita aingie upesi.

Akishaanguka

Teja akiwa nyuzi 42 huna muda wa kumfunga pingu. Kanuni ya wanaotibu kiharusi cha joto ni kupooza kwanza, kusafirisha baadaye, na lengo ni kushuka chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Bora kuliko yote ni kumzamisha hadi shingoni kwenye maji yenye barafu huku maji yakikorogwa. Hushusha nyuzi moja kila dakika tatu hadi tano. Pipa la stoo linafaa, likishaoshwa.

Pasipo pipa, shujaa ana zile kilo mbili za kwenye fulana yake. Kwenye karatasi kilojuli 668 zinamshusha mtu wa kilo 70 kwa nyuzi 2.7. Kwa kweli ni pungufu, kwa kuwa barafu inagusa sehemu tu ya ngozi: iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena, na mwili mzima umwagiwe maji na kupepewa. Akishaitoa, saa ya shujaa mwenyewe inaanza, nyuzi moja kila dakika tisa, na pusha anaijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote chumbani. Atamkaribisha mazungumzo marefu.

Shujaa asivue kofia hapo hapo ili apate hewa. Unga umejaa kwenye viungo na kwenye vichujio vya feni. Deraya ioshwe kwa maji na sabuni kutoka juu kwenda chini, glavu nyingine zivaliwe, na kinachofunika pua na mdomo kiwe cha mwisho kuvuliwa. Kama kuna ushahidi wa kupeleka mahakamani, upimwe, ufungwe kwa lakiri na kuandikwa saa na mikono yote uliyopitia. Shujaa aliyevunja mlango na kubeba mfuko kwapani amemwachia wakili wa pusha kazi nyepesi.

Kuhusu kiuasumu, kama hadithi yako inacho, iga naloksoni. Hufanya kazi kwa dakika mbili tatu dhidi ya dawa za jamii ya afyuni, lakini nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90 tu, mara nyingi pungufu ya dawa yenyewe. Mgonjwa anaamka, anashukuru, kisha dawa inamrudia. Kwenye hadithi yetu maana yake ni kwamba nguvu zitarudi hospitalini, na joto nalo. Tena misuli iliyopasuka inamwaga vitu vyake kwenye damu: kesho yake mkojo unakuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, na figo zisipopewa maji mengi ya dripu zinaweza kuzimika ndani ya siku chache. Sura ya pili ianzie wodini, kitanda kiwe karibu na ukuta au mbali nao kulingana na unachotaka kitokee.